Muulize Sista: Mkishapima presha kanisani, kisha?

Barua ya kwanza mwezi huu ni ndefu na jibu lake ni refu, maana jambo lenyewe nimelibeba moyoni miaka mingi. Mbili za mwisho nimezijibu katika nafasi iliyobaki.

Shikamoo Sista. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu Mikindani. Desemba nilikwenda kumwona binti yangu Atlanta, Marekani. Anasali na Wamarekani Weusi, na Jumapili yangu ya kwanza huko niliona baada ya ibada watu wamepanga foleni ukumbini, wanapimwa presha na sukari na waumini wenzao. Chakula cha pamoja kilikuwa na mboga kuliko nyama. Binti akaniambia makanisa mengi ya watu weusi kule hufanya hivyo. Nimerudi na hamu kubwa, na tayari tumechanga shilingi 18,000. Lakini mchungaji anasema kanisa si hospitali, na wenzangu wanataka tushone sare kwanza. Je, mambo haya yana faida kweli? Na sisi tuanzie wapi? – Mama Mwenyekiti, Mikindani

Marahaba, mama. Faida ipo, na nitakupa hesabu zake. Ila kabla hatujafika Atlanta, twende kwanza Kisauni, hapa Mombasa, nyumbani kwa marehemu mamangu.

Naye aliongoza kikundi kama chako. Jumapili moja wageni walifika kanisani kwao na mahema, fulana na spika, wakapima watu tangu ibada ilipokwisha hadi alasiri, wakapiga picha, wakaenda zao. Mimi, kwa kuwa ni muuguzi, nilikuwa zamu. Miezi minne baadaye mamangu akaanguka bafuni. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikafa, maneno yakampotea, na ile sauti iliyokuwa ikianzisha nyimbo kanisani haikurudi hadi anafariki. Siku ya tatu wodini nilimpelekea Biblia yake nimsomee. Nilipofungua Zaburi kikadondoka kikaratasi cha rangi ya waridi, kimekunjwa mara nne. Kimeandikwa 178/104, na chini yake kwa kalamu ya bluu: "Nenda hospitali." Hospitali gani, lini, akamwone nani, hakikusema. Hakuna aliyempigia simu wala aliyebisha mlangoni. Yeye hakuwa akiumwa popote, akaona si jambo la kumsumbua binti aliye zamu za usiku, akakiweka pale alipozoea kuweka vitu vyake vya thamani.

Kikaratasi hicho ninacho hadi leo. Kwa hiyo mtu akiniambia kanisa lao linataka kuanza kupima presha, namuuliza swali moja: mkishapima, kisha?

Wenzetu kule Marekani wamelihangaikia swali hilo muda mrefu, na ndiyo maana inafaa kujifunza kwao. Mwanzo wake ni wa kale kuliko mashine yoyote. Mwaka 1793 homa ya manjano iliingia Philadelphia, wenye uwezo wakaukimbia mji, na waliojitokeza kuuguza wagonjwa na kuzika maiti ni watu weusi wakiongozwa na Richard Allen na Absalom Jones, viongozi wawili wa kanisa ambao wote walizaliwa utumwani. Huyo Allen ndiye aliyekuja kuanzisha kanisa la African Methodist Episcopal mwaka 1816. Mwambie mchungaji wako kisa hicho, kwa adabu, maana hoja yake nayo ina uzito: kanisa kweli si hospitali. Lakini Allen na Jones hawakuwa madaktari. Waliingia nyumba ambazo wengine waliziogopa. Sisi tuliokulia Kisauni historia ya namna hiyo tunaielewa bila kufafanuliwa. Frere Town, hapo hapo Kisauni, ilijengwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani, na kengele yao ndiyo iliyotupa jina la Kengeleni.

Sababu ya pili ya makanisa yao kuibeba kazi hii ni chungu. Kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 wa Tuskegee, Alabama. Karibu 400 kati yao walikuwa na kaswende, wakidanganywa kwamba wanatibiwa "damu mbaya." Hata penisilini ilipojulikana kuwa dawa ya ugonjwa huo, hawakupewa, ili watazamwe jinsi unavyowala. Rais Clinton aliomba radhi mwaka 1997. Mjukuu wa watu wale hawezi kumwamini kirahisi mgeni mwenye koti jeupe. Anamwamini shemasi aliyemzika babake. Kwa hiyo watafiti waliotaka kupunguza presha, kisukari na saratani kwa Wamarekani Weusi walijikuta wanabisha mlango wa kanisa.

Sasa hesabu. Mashariki mwa North Carolina, miaka ya 1990, makanisa 50 ya watu weusi katika wilaya 10 za mashambani yaliingia katika mpango wa kula matunda na mboga. Nusu yalianza, nusu yakasubiri ili yalinganishwe. Waliolima bustani walilima, wakatunga kitabu cha mapishi na kuonjeshana, wachungaji wakasema mimbarini, wenye maduka wakahusishwa, na meza za sherehe za kanisa zikabadilishwa. Baada ya miaka miwili waumini wa makanisa yaliyoanza walikuwa wanakula karibu kipimo kimoja zaidi kwa siku kuliko wale waliosubiri. Kipimo kimoja ni kama ndizi moja, au nusu kikombe cha mchicha uliopikwa. Utaona ni kidogo, mama. Lakini ni kila siku, na ni kanisa zima. Kutokana na mradi huo na mwingine wa hapo hapo Atlanta ukazaliwa mpango uitwao Body & Soul, yaani Mwili na Roho.

Kule Baltimore walichukua makanisa 16 na wanawake 529 wenye miaka 40 na zaidi. Baadhi walikutana kila wiki, wengine walipewa vitabu wajisomee nyumbani. Mwaka ulipokwisha, waliokutana walikuwa wamepungua nusu kilo na karibu sentimita mbili za kiuno. Waliojisomea hawakubadilika. Nakuandikia hata matokeo haya madogo kwa makusudi, ili msiwaahidi watu miujiza ya mwezi mmoja mkaja kuvunjika moyo.

Yanayonipa nguvu zaidi ni ya New York, yaliyochapishwa 2018. Makanisa 32, watu 373 wenye presha iliyokataa kushuka. Kundi moja lilifundishwa mara 11, wiki hadi wiki, kisha kila mtu akakaa faragha mara tatu na mshauri wake. Waliofundisha ni waumini wa kawaida waliopewa mafunzo. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya presha yao ilikuwa imeshuka karibu 6 zaidi ya wenzao waliopewa somo moja la mtindo wa maisha na mihadhara ya kawaida ya afya. Sita za presha, kwa watu wengi pamoja, ni viharusi ambavyo havitatokea.

Ukiniuliza mimi, nguvu ya kanisa iko katika kujua nani hayupo. Kliniki, mama akikosa kurudi, faili lake linalala kwenye rafu. Kwaya je? Sauti ya pili ikipungua mtu mmoja Jumapili, kufika Jumanne kuna mtu amebisha kwake na kifurushi cha unga. Hicho ndicho wageni wa mahema hawakuwa nacho, na ninyi mnacho tayari, bure.

Basi anzeni hivi. Sare acheni. Kabla ya kununua chochote, nendeni watatu kwenye kituo cha afya kilicho karibu nanyi, mkaongee na afisa msimamizi: tukikuletea mtu mwenye presha, atamwona nani, siku gani, dawa zipo? Mtafuteni pia mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Tangu 2023 serikali iliwagawia wahudumu hao mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, na kazi yao ni kutembelea nyumba. Huenda mmoja wao anasali hapo hapo kwenu. Mkikosa majibu ya maswali hayo, ahirisheni kupima.

Katika zile 18,000, nunueni mashine ya kufunga mkononi juu ya kiwiko, mbili mkiweza. Za kufunga kifundo cha mkono hudanganya kwa urahisi. Nunueni na ukanda mpana, maana akina mama wengi wa kwetu mikono ni minene, na ukanda mdogo humfanya mtu mzima aonekane mgonjwa. Halafu daftari kubwa lenye mistari. Sisi kanisani kwetu meza iko chini ya mwembe, kando ya tangi la maji, mbali na spika. Mtu hufika ametoka kuimba na kucheza, jasho linamtiririka. Tunamwambia aende haja ndogo kwanza, kisha akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkono wa gauni hupandishwa au hutolewa kabisa. Nimeona watu wakifunga ukanda juu ya kitenge na sweta, hiyo si kupima. Na asiongee, hata kama mwenzake anamsimulia habari za harusi. Tunapima mara mbili, tukipumzika dakika moja katikati.

Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, hatumwambii "una presha." Tunampima tena siku nyingine, na ikirudia anakwenda kliniki. Ikifika 180 kwa 120 na mtu anaumwa kichwa vibaya, au kifua, au pumzi inakatika, au uso umepinda upande, huyo hasubiri sala ya kufunga, anapelekwa hospitali papo hapo kwa gari la yeyote aliye karibu. Ikiwa ni juu hivyo lakini hana dalili yoyote, mpumzisheni, mpimeni tena, na isiposhuka mtu amsindikize akaonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Daftari letu lina safu ambayo wageni wa mamangu hawakuwa nayo. Baada ya jina, simu na namba za presha, tunaandika: "Nani atamfuata?" Kila aliyepatikana na presha ana mtu wake, mmoja, mwenye jina. Huyo hupiga simu Jumatano. Akiona kliniki inaogopesha, humsindikiza. Dawa zikiisha, huuliza kwa nini. Na daftari linafungiwa kabatini, halisomwi na mtu mwingine hata mzee wa kanisa. Siku mtakapotaja namba ya mtu mimbarini, hata kwa kumwombea, ndiyo siku ya mwisho watu kuja mezani.

Chakula nakuachia wewe, unajua mpishi ni nani na anakasirika kwa lipi. Msifute mahamri, mtapigana. Wekeni muhogo wa kuchemsha pembeni, papai lililokatwa tayari, na maji au juisi ya ukwaju isiyotiwa sukari mahali pa soda. Punguzeni chumvi ya pilau kidogo kidogo na muongeze ndimu, na viungo vya pakiti viacheni, chumvi imo humo tele. Mtu mzima hastahili kupita kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku, ikihesabiwa ya mchuzi, ya mkate na ya achari. Kachori na achari, kwetu Mombasa, hapo ndipo chumvi inapojificha.

Na usikate tamaa ukiona wengi wanasema "mimi sijawahi." Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima Kenya hawajawahi kupimwa presha hata mara moja, na karibu mmoja kati ya wanne alikuwa nayo. Andika tena baada ya miezi mitatu uniambie ni wangapi mmewafuata hadi mlangoni. Idadi ya mliowapima usinitumie.

Sista, babangu ana miaka 63 na alikuwa na presha. Baada ya mkesha wa maombi alipimwa ikawa 128/80, akashuhudia kanisani kwamba amepona, akaacha dawa. Nikimkumbusha anasema sina imani. Nifanye nini? – Kijana, Bamburi

Mwanangu, usibishane naye kuhusu maombi. Hata mimi naomba. Presha ilikuwa 128 kwa sababu dawa ilikuwa inafanya kazi, na ikitoka mwilini presha hurudi ndani ya siku au wiki chache, tena bila maumivu. Mwombe akubali jambo moja tu: apimwe mara moja kwa wiki, mwezi mmoja, nawe uandike. Namba zitaongea zenyewe bila wewe kumvunjia heshima. Zikipanda, mpelekee mchungaji wake daftari hilo kabla ya kumpelekea yeye, kwa sababu neno la kumrudisha kliniki atalipokea kutoka huko. Mchungaji akisita, mkumbushe Hezekia. Mungu alikwisha kukubali maombi yake na kumwongezea miaka 15, na bado Isaya akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Naye Luka, Paulo anamtaja kama tabibu mpendwa.

Iwapo kabla hajapimwa ataanza kulegea upande mmoja au kuongea kwa kukwama, usisubiri wiki iishe. Hospitali, saa hiyo hiyo.

Assalam aleikum mama. Mimi ni kinyozi Majengo. Naona kila mara mnasema kanisa, kanisa. Wateja wangu ni Waislamu wengi, na hata hao Wakristo wanaume hawakai kanisani baada ya ibada. Nilinunua mashine ya presha kwa pesa yangu, nimeiweka dukani. Mteja mmoja wa kila Ijumaa alisoma 190 kwa 110, akacheka, akalipa, akaenda. Je, ninafanya sawa? Na Ramadhani wenye sukari niwaambie nini? – Kinyozi, Majengo

Waaleikum salaam, mwanangu. Unafanya sawa, na una wenzako. Los Angeles maduka 52 ya vinyozi wa Wamarekani Weusi yaliingia katika utafiti uliochapishwa 2018, na wateja 319 wenye presha. Nusu ya vinyozi waliwahimiza wateja wabadili maisha na waende kwa daktari. Nusu nyingine, mfamasia alikuja dukani penyewe, akapima, akaandika dawa kwa makubaliano na daktari wa mteja, na akarudi tena na tena. Baada ya miezi sita, walioletewa mfamasia namba ya juu ilishuka 27. Waliohimizwa tu ilishuka 9. Kwa hiyo maneno yako yana faida, na dawa inayomfuata mtu kitini ina faida mara tatu. Tafuta mwenye duka la dawa aliyesajiliwa hapo Majengo, au muuguzi wa zahanati, mkubaliane aje saa mbili kila wiki siku yenye wateja wengi. Kupima pima wewe, dawa usimpe mtu hata umemzoea vipi. Imamu wenu naye akiombwa, tangazo la baada ya sala ya Ijumaa hufika masikio ambayo sisi wauguzi hatuyafikii.

Kuhusu Ramadhani, waambie wenye kisukari wamwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama ili dawa zipangwe upya, maana wengine hawafai kufunga kabisa, hasa wanaotumia insulini au wenye figo mbovu. Masheikh wengi wamesema kuchoma kidole kupima sukari hakufunguzi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipita 16.6, afungue papo hapo. Daku isirukwe, icheleweshwe. Futari ianze na maji na tende, isiwe kaimati sahani nzima.

Lakini huyo wa Ijumaa, mwanangu, mwenye 190. Namba yake ya simu unayo, kila kinyozi ana namba za wateja wake. Usingoje Ijumaa. Mpigie leo, na akikubali, mfungie duka nusu saa mwende pamoja.